Upande Aliolazwa Bibi Wakuru

Musoma, Jumatano jioni. Mvua imetoka ziwani mchana na haijaondoka.

Kikohozi kimoja kifupi, kisha fimbo ikigonga nguzo ya mlango mara mbili.

Sauti hiyo iliniamsha utoto wangu wote, na leo imekaa kichwani tangu nilipofungua macho. Haikuwa ya ugonjwa. Kwetu, milimani upande wa Butiama, mwanamume akifika kwenye nyumba ya mkewe hukohoa hivyo kabla ya kuingia, ili mke ajue kwamba mwenye mji amekuja. Mama hakuwa na desturi ya kujibu kwa neno. Alijibu kwa kuburuta kigoda kutoka ukutani hadi karibu na moto. Kikohozi, fimbo, kigoda. Hapo ndipo kulikuwa kumekucha.

Katika mji wetu, ule wa nyumba tatu na zizi moja, aliyekuwa anakohoa ni bibi yangu, Wakuru.

Tulimzika Jumapili.

Nimerudi Musoma jana kwa lori la pamba. Chumba changu hapa Nyasho kinavuja pembeni mwa kitanda. Mama Zaituni, mwenye nyumba, amehamishia jiko barazani na anakaanga samaki wadogo, furu, huku akiwatukana kuku wanaomzonga. Maisha yake yanaendelea. Namwonea wivu.

Naandika kwa sababu sijui mahali pengine ambapo habari za Bibi Wakuru zinaweza kukaa.

Hakuzaa. Mumewe alikufa mapema, kabla mama yangu hajaujua mji ule. Ndugu wa mume walimngojea arudi kwao. Hakurudi. Alilima ulezi, akauza ulezi akapata mbuzi, akabadilisha mbuzi akapata ndama, na alipopata ng'ombe wa kutosha alimwoa mama yangu.

Naandika alimwoa kwa sababu hilo ndilo neno. Alikwenda kwa wazazi wa mama upande wa Bunda, akaketi na wazee, akatoa mahari, akarudi na mke. Watoto ambao mama angezaa wangekuwa wa nyumba ya Wakuru, kama vile watoto wa mwanamume yeyote aliyetoa ng'ombe. Mtu aliyezaa na mama anatoka Guta. Tunamfahamu. Akija tunamwamkia, tunampa maji ya kunawa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwita baba. Kwa mdomo tulimwita Wakuru Bibi, kwa ajili ya mvi zake. Lakini ilipofika kugawa nyama, kuamua nani aende shule, kuchapa na kusamehe, yeye ndiye aliyekuwa baba.

Sitaki kuusafisha utaratibu huu kuliko ulivyo. Mama hakuulizwa. Aliletwa akiwa msichana mdogo kuliko mimi nilivyo sasa, na nimewahi kumwona akiitazama njia ya Bunda kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama njia. Najua hayo. Hata hivyo yapo mambo mengine ninayoyajua: katika mji ule hakuna aliyempiga mama, na hakuna aliyelala na njaa kabla ya Wakuru mwenyewe kulala na njaa.

Katika kitabu cha darasa la kwanza kuna picha ya familia. Baba ana jembe, mama ana mtungi, mtoto ana mbuzi. Nimewafundisha watoto picha ile tangu nilipoanza kazi, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza, na kila nikifika hapo nafungua haraka ukurasa unaofuata. Si hasira hasa. Ni kama kukuta mlango wa nyumbani umejengewa ukuta.

Nilipopelekwa misheni, Sista aliuliza jina la baba. Bibi, ambaye ndiye aliyenifikisha pale kwa miguu, alijitaja mwenyewe. Sista akacheka kwa upole, akaandika jina la marehemu mumewe. Basi mimi ni binti wa mtu aliyekufa miaka mingi kabla sijazaliwa, na watu wote wenye elimu wanaona hilo linaeleweka zaidi kuliko ukweli.

Jumamosi dereva wa lori alisimama shuleni akaniambia bibi amefariki alfajiri. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa linazama, na nje ya zizi watu walikuwa wanabishana.

Walibishania ubavu.

Kwetu mwanamume hulazwa kaburini kwa ubavu wa kulia, karibu na lango la zizi. Mwanamke hulazwa kwa ubavu wa kushoto, nyuma ya nyumba. Kwa mtu mwingine ni jambo la kumaliza kabla ya jembe kugusa ardhi. Kwa bibi lilikuwa jambo la kila kitu. Akilazwa kulia, huyo ni mwenye mji, na mji wake ni wa mkewe na watoto wake. Akilazwa kushoto, huyo ni mjane tu wa mtu wa zamani, na alivyoacha vinarudi kwa ukoo wa mume: ng'ombe, shamba, wadogo zangu wawili, na mama.

Aliyetaka kushoto ni Magoti, mtoto wa ndugu wa marehemu mumewe. Si mtu mkatili, na hilo linanichosha zaidi. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, akiongea kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza njia.

"Mimi sina ugomvi na marehemu," alisema. "Lakini mwanamke ni mwanamke."

Mmoja wa wachimbaji akainuka kutoka kwenye jembe lake. "Magoti, siku anamwoa huyu mama wa watoto, wewe ulikuwepo. Ulikunywa pombe ya harusi ukalala zizini na ndama. Mbona siku ile hukusema?"

"Nilikuwaga kijana."

"Ulikuwaga mlevi."

Watu wakacheka. Nilidhani kicheko kile kingetusaidia. Ndipo Nyabwire, jirani yetu mzee, akatoka ndani akijipangusa mikono.

"Mnabishania nini ninyi?" akasema. "Mimi ndiye niliyemuosha. Sijaona ndevu."

Wakacheka tena, zaidi, hata mchimbaji yule. Kicheko kikaamua.

Nilisimama. Nilianza kusema kwamba mahari ilipokewa, kwamba wazee walikula, kwamba neno lililokubaliwa mbele ya watu haliwezi kufutwa kwa sababu msemaji amekufa. Magoti alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hapa si darasani. Hakuna chaki."

Nikakaa. Mimi ninayewanyamazisha watoto wa darasa zima kwa kuinua nyusi, nilikaa chini.

Asubuhi ya Jumapili walichimba nyuma ya nyumba, pale kuku wanapokwaruza. Walifika kwenye mwamba mapema, wakasema panatosha. Wakamlaza kwa ubavu wa kushoto. Nilimwona mmoja wao akimkunja mkono uwekwe chini ya shavu, kwa uangalifu, kama vile uangalifu ungesahihisha jambo lolote.

Mama hakulia kama wanavyolia wajane. Wanawake walimzuia. Walimwambia yeye sasa ni mkwe tu, na mkwe halii hivyo. Alikaa na kibuyu cha maziwa cha bibi mapajani, akikifuta mdomo kwa kidole, akikifuta tena.

Usiku wa Jumatatu, tukiwa tumelala kwenye ngozi moja, aliniuliza swali moja tu: "Sasa nimsikilizie nani?"

Nilimvutia shuka begani.

Siku hiyo Magoti alikuwa ameshinda kwenye kigoda cha bibi, pale uani. Aliwatuma wadogo zangu kupeleka ng'ombe kisimani, akawaita "wanangu". Alipoondoka alimwambia mama kwamba atakuja asubuhi. Hakusema kwa nini. Hakuhitaji. Kwetu anayerithi nyumba huja asubuhi, hukohoa mlangoni, na mwanamke akimburutia kigoda, imekwisha.

Jana kulipokucha nilikuwa nje. Fimbo ya bibi ilikuwa imeegemea ukuta wa ghala, nikaichukua. Sikuwa na mpango, au kama nilikuwa nao sikuwa nimejiambia. Ukungu ulikuwa bado umekaa kati ya mawe makubwa ya mlimani. Nilimwona Magoti akiingia langoni, amevaa koti lake la minada.

Nikaenda mlangoni kwa mama. Nikakohoa.

Kilitoka chembamba. Kikohozi cha msichana wa bwenini anayeogopa kuwaamsha wenzake. Nikagonga nguzo mara mbili.

Ndani kigoda hakikusogea. Magoti alikuwa amesimama katikati ya ua. Nilifikiri: mama hatafanya hivyo, hana sababu ya kufanya hivyo, amechoka na nyumba ambazo wengine wanamwamulia.

Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa.

Niliingia nikakaa. Mama hakunitazama usoni. Alichochea moto.

"Nyie," Magoti alisema kutoka nje, na sauti yake ilikuwa nusu ya kucheka. "Nyie wanawake. Huyu ni binti. Binti anaolewa, anaondoka. Hawezi kuwa mwenye mji."

Nyabwire alikuwa amekuja kuomba moto, na kigae chake mkononi. Alikuwa amesimama langoni akiyaona yote. Sikutegemea lolote kwake, baada ya ndevu zake za Jumamosi.

"Bibi yake naye mlisema hawezi," alisema. "Mbona aliweza?"

"Wewe ndiye uliyesema hujaona ndevu!"

"Sikuona. Na maziwa ya ng'ombe zake nimeyanywa maisha yangu yote. Niulize la ndevu, nitajibu la ndevu."

Magoti aliwatazama ng'ombe zizini. Kisha akasogea karibu na mlango, lakini hakuvuka kizingiti. Alisema nami kwa mara ya kwanza bila kuniita mwalimu.

"Sawa. Basi usiolewe. Ukae hapa. Nitakuja baada ya mavuno. Nikikukuta, nitakaa nje kama mgeni. Nikikuta umekwenda kwa mume, nitaingia, na nisisikie maneno."

Nikasema sawa.

Neno lile lilitoka kirahisi kuliko kikohozi.

Sijaandika bado kuhusu Elias. Nimekuwa nikimzunguka tangu ukurasa wa kwanza. Ni karani katika bohari ya pamba, mtu wa maneno machache, anayejua kusikiliza mpaka mwisho. Ndoa yetu ilikuwa itangazwe kanisani mwezi ujao. Nilikwisha kufuma vitambaa vya meza. Ninampenda. Niliandike hivyo hivyo bila kulipamba, kwa sababu baadaye nitajidanganya kwamba sikumpenda sana.

Kwenye lori jana, juu ya magunia, nilijaribu kutafuta namna ya kuwa na vyote viwili. Nilifikiri tungekaa Butiama, yeye na mimi. Lakini mwanamke akiwa na mume, mwenye mji ni mume, na Magoti ataingia kwa mlango huohuo nilioufungua. Nilifikiri kungoja wadogo zangu wakue. Mdogo wa mwisho bado anaota meno ya pili. Niliendelea kufikiri hadi tukaona ziwa, na ziwa halikunisaidia.

Ninaogopa. Ninaogopa kuwa mzee kama bibi, mwenye mamlaka na bila mtu wa kumlalia bega. Ninaogopa zaidi kwamba nafanya hivi kwa kiburi, kwa sababu ya ile chaki.

Lakini kila nikijiuliza ni nani duniani anayejua kwamba Wakuru aliwahi kuwa baba wa watu watatu, nawapata watatu hao, na mama, na Nyabwire akiulizwa vizuri. Sista hajui. Kitabu cha darasa la kwanza hakijui. Kaburi lenyewe linasema kinyume. Mji ule ukivunjwa, hata sisi tutaanza kusema tulikuwa na bibi tu.

Asubuhi nilimuaga mwalimu mkuu. Alisema ni hasara, msichana mwenye elimu yangu, kwenda kuchunga ng'ombe. Nikamwambia kuna shule ya vichochoroni kule, ya kusomea chini ya mti, inayohitaji mwalimu, wakinitaka. Alitikisa kichwa akarudia kusahihisha madaftari.

Elias alikuja saa kumi na moja, akiwa na mwavuli. Tulikaa barazani, Mama Zaituni akajifanya hatusikii. Nilimweleza kila kitu kama nilivyoandika hapa, tangu kikohozi. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa rahisi.

"Kwa hiyo utakuwa mume wa mama yako?" aliuliza.

Nilimwambia hapana. Nitakuwa mwenye mji.

"Tofauti yake nini?"

Nilianza kumweleza habari za ng'ombe na lango, akainua mkono. Akasema anaweza kungoja. Nikamwambia asingoje, kwa sababu nikijua kuna mtu ananingoja Musoma, kila asubuhi nitakuwa nakohoa nikiangalia barabara.

Alifungua mwavuli akiwa bado ndani ya baraza, akaondoka bila kusema kwaheri. Mama Zaituni akaweka sahani ya furu mbele yangu, akasema, "Kula, mwanangu. Nilisikia yote. Kula kwanza."

Nimekula. Vitambaa vya meza nimempa yeye. Chumba nimemrudishia. Lori linaondoka alfajiri na nafasi yangu juu ya magunia imeshawekwa. Bibi amelala kwa ubavu wa kushoto juu ya mwamba, na hilo siwezi kulibadilisha.

Elias nimeshamwambia asiningoje; keshokutwa kukicha nitakohoa mlangoni kwa mama.