Mwalimu Aliyekushika Mkono

Mke wangu Mama Jovin,

Hujambo huko Keza? Watoto wazima, na mgongo wako umepata nafuu? Mimi huku Songea mwili mzima, ila moyo unachemka, na leo nitakuambia kwa nini. Nimeandika herufi kubwa makusudi. Soma polepole, mwenyewe. Mdogo wangu Laurenti, msomaji wetu wa siku zote, leo akae pembeni.

Barua yako ilichelewa sana, maana malori yamechukuliwa vitani, na redio ikiitaja Kagera sili nikashiba. Nikafungua bahasha, nikakuta mwandiko wako wewe! Mistari mitatu, imepinda kama njia ya mbuzi. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Kisha nikafika mstari wa tatu: "Mwalimu Deo wa kisomo alinishika mkono nikaandika B. Anasema nina akili nyingi."

Alikushika mkono! Kijana yule ambaye hata hajaoa! Na hizo akili zako amezigundua lini, yeye? Mama Jovin, ugali ulinishinda. Siku hiyohiyo nikamwandikia Laurenti: mwambie shemeji yako aache hicho kisomo cha watu wazima mara moja, herufi alizozipata zinamtosha. Nikaipeleka posta mbiombio.

Kesho yake nilikuwa nafundisha saikolojia hapa chuo cha ualimu, yaani mambo ya akili na moyo wa mtu anapojifunza. Unajua sipendi wanachuo wakariri tu. Zana hatuna, basi nachora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, natundika ukutani, wanajadili kwa vikundi. Siku hiyo nilichora mwanamume ameshika barua, uso umemvimba. "Huyu ana nini?" Kikundi kimoja kikasema ana njaa. Kingine kikasema jino. Ndipo nikawapa kisa cha "jamaa mmoja", chote kama kilivyo, nikitegemea watamuunga mkono.

Bi Hadija, mama wa makamo aliyefundisha vijijini miaka mingi kabla ya kuja chuoni, akasimama. "Ndugu Mkufunzi, huyo bwana anafanya kazi gani?"

"Mwalimu," nikajibu bila kufikiri.

Loo! Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Basi kinachomuuma si mke kushikwa mkono. Kinachomuuma ni kwamba mwenzake ameifanya kazi iliyokuwa yake. Miaka yote hiyo alikuwa wapi asimfundishe mkewe?"

Nikasema, "Jibu zuri," nikageuka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Miaka tisa ya ndoa, Mama Jovin. Watoto wa watu nimewafundisha, lakini kwako kila likizo nimekuja na gazeti langu, ukiniuliza limeandika nini nakujibu, "Mambo ya serikali." Nimeona aibu. Wivu haujaisha, nisikudanganye. Nikikumbuka huo mkono bado nasaga meno, na usiku huohuo niliichana picha ile, maana ilikuwa inafanana nami mno. Lakini kisomo usiache, tafadhali.

Ile barua ya kukukataza huenda bado iko njiani. Laurenti akikusomea, mwache amalize yote. Kisha toa hii, umsomee wewe, kwa sauti, mama akisikia.

Mama yangu mpe shikamoo yangu. Shangazi yako wa Lusahunga, yule anayewauzia chai madereva, mwambie namkumbuka. Jovin, mwanetu, asikucheke ukikosea herufi, naye alizikosea. Na Mwalimu Deo mwambie nimemshukuru kwa moyo wote. Mwambie pia kwamba mkono wako sasa unajua kuandika, auachie.

Mumeo asiyetulia,
Baba Jovin