Pingili Tatu za Saa ya Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 8 Machi, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limetulia na ngazi za ofisini kwenu hazikutesi tena. Mama anasema siku hizi hulalamiki. Sijui kama ni kwa kupona au kwa kuchoka kulalamika, kwa hiyo nieleze mwenyewe.

Sisi hatujambo. Kikohozi cha baba kimekwisha, anakula, na anapanda ngazi bila kushika ukuta. Jumatatu anarudi kazini kuoka mikate, baada ya miezi miwili na siku nne. Mama amemfulia koti lake jeupe mara mbili, ingawa hata mara ya kwanza halikuwa chafu.

Shangazi, nisikuzungushe. Kesho saa mbili asubuhi mwanao, ambaye hapa tunamwita Kasi, anapanda basi kurudi kwako. Mkoba wake uko mlangoni. Barua hii nitaitia humo. Akifika atakwambia kwamba hakuiba saa ya baba, nawe utamtazama na kuikumbuka ile pasi yako aliyoiuza. Tafadhali mwamini. Saa ninayo mimi. Iko hapa chini ya daftari ninaloandikia, naisikia ikitembea.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Unanijua. Kwenye simu mimi ni "eeh" na "hapana" mpaka salio lako linakwisha. Kasi hakuniita Bi Kimya bure.

Saa yenyewe ni ile ya babu. Wewe ndiye mkubwa, ilikuwa haki yako, ukamwachia baba kwa kuwa ndiye aliyeshika kazi ya tanuri. Baba huitazama akiingiza trei, huitazama akizitoa. Kule kazini kuna saa kubwa ukutani, lakini yeye husema ile ni ya wageni.

Aliporudi kutoka hospitali aliivaa, akainua mkono, na saa ikateremka mpaka karibu na kiwiko. "Tazameni," akasema, "hata saa imenikimbia." Tukacheka. Kisha akaivua, akaifunga kwenye leso na kuiweka kabatini, wala hakuitaja tena. Ila mara kwa mara nilimwona akigeuza mkono kutazama saa, anakuta ngozi tupu, anaushusha taratibu kama mtu aliyepunga mkono kwa asiyemjua.

Nikasema moyoni, nitaupunguza ule mkanda wa chuma. Una pingili kama za muwa, ukitoa chache unakuwa mfupi. Jumatatu nitampa, ataivaa, atakwenda kazini akiwa mtu yule yule. Hilo tu ndilo nililotaka.

Fundi saa yupo pale kwenye kona, hatua mia moja kutoka kwetu. Lakini kibanda chake hakikosi wanaume wanaocheza karata, na kila anayefika husalimiwa na kuulizwa habari za ukoo mzima. Nilipita mara nne. Mara ya nne mmoja akauliza, "Huyu binti anatuhesabu?" Nikarudi nyumbani mbio.

Kwa hiyo nikatazama video. Ilikuwa kwa ile lugha yetu ya shuleni, na bwana mwenye kucha safi alisema ni kazi ya dakika tano. Nilielewa kila neno. Mikono yangu ndiyo haikusoma shule hiyo.

Jumanne baba alipokwenda kliniki nikaitoa kabatini. Nilikata mfereji kwenye ndala yangu kuukuu ili mkanda usimame ndani yake. Nikachukua sindano nene ya mama, na kijiko badala ya nyundo. Kwanza nikautenganisha mkanda na saa. Pale unaposhikana kuna kijiti chembamba chenye springi ndani. Nilikibonyeza kwa ncha ya sindano, kikaruka. Nilikisikia kikigonga dirisha, basi. Nimetambaa chini ya kitanda mpaka magoti yakawa mekundu, sijakiona hadi leo.

Pingili nazo hazikutoka. Ndani yake mlikuwa na unga uliokauka, wa baba na pengine wa babu pia, mgumu kama saruji. Nikausugua mkanda kwa mswaki na maji ya moto, maji yakawa meupe kama ya kuosha mchele. Nikagonga tena. Sindano ikavunjika na kuacha mkwaruzo mrefu kwenye chuma. Mara nikasikia sauti ya baba nje, nikatia kila kitu kwenye soksi.

Nilijiambia nitamaliza kesho. Shangazi, hiyo kesho ndiyo iliyoniponza.

Jumatano, wakati wa chakula, baba aliuliza, "Nani amefungua kabati langu?" Hakupandisha sauti. Mama akasema atafute vizuri. Baba akasema ametafuta, leso ipo, saa haimo. Kisha, bila kukusudia nadhani, macho yake yakaenda kwa Kasi.

"Sijaigusa, mjomba," Kasi akasema.

"Sijakutaja," baba akajibu.

Kinywa changu kilikuwa wazi. Naapa kilikuwa wazi. Nikakitia wali. Nilifikiri, nitasemaje kwamba saa ya babu iko vipande vipande ndani ya soksi? Nikiitengeneza kwanza nitasema. Kasi akaomba chumvi, nikampa.

Wewe ulipomleta kwetu, baba alisema mbele yetu sote kwamba hapa anaanza ukurasa safi, na lile jambo la pasi lisitajwe tena. Halijatajwa, hata sasa. Ila Alhamisi asubuhi baba alichukua pochi yake juu ya friji, pale inapokaa miaka yote, akaitia mfukoni. Kasi alikuwa anakunywa maji. Akaweka bilauri chini ikiwa nusu, akatoka. Jioni yake akaanza kukunja nguo.

Jana nilikwenda kwa fundi saa. Hofu moja ilikuwa imeishinda nyingine. Nikamwekea vipande mezani. Akavitazama kupitia kioo chake, akasema, "Hii si ya mwoka mikate?" Nikaitikia kwa kichwa. "Umegonga upande gani?"

"Pande zote."

"Pande zote!" Wale wa karata wakacheka mpaka mmoja akaangusha karata zake. "Binti, na mshale huu hukuuona?"

Kumbe ndani ya kila pingili kuna mshale mdogo, na pini inayoziunganisha hutokea upande unaoelekezwa na mshale. Nilikuwa napigana nao. Akanipa kijiti kipya cha springi, akataka kunimalizia kazi. Nikamwambia, "Hapana, niliharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe." Sijawahi kumwambia mgeni sentensi ndefu kiasi hicho.

Jana hiyo hiyo jioni pingili tatu zilitoka kama njugu zilizokaangwa. Nikairudisha saa kwenye mkanda, nikaenda chumbani kwa baba kuiweka kwenye leso yake. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kabati ndipo nikaelewa. Baba akiikuta pale, atajua mwizi kaona haya kairudisha. Tena saa iliyopunguzwa pingili tatu inamtosha Kasi sawasawa. Ningekuwa nimemfunga kwa mkanda huo.

Nikarudi nayo. Tangu jana niko nayo. Baba yuko sebuleni sasa hivi, namsikia akifunua gazeti. Ni hatua tisa, nimezihesabu. Nikikuandikia wewe na kuishia hapo, nitakuwa nimekiri kwa aliye mbali ili nimkwepe aliye karibu. Naacha kalamu, Shangazi. Niombee.

*

Jumapili, asubuhi.

Nilikwenda jana hiyo hiyo. Nilimwekea baba saa juu ya gazeti. Akaitazama saa, akanitazama mimi. Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeichukua. Kasi hakuigusa. Nilitaka uivae Jumatatu."

Akaivaa. Ilimkaa, haikuteremka. Lakini kifungio hakikukaa chini ya mkono. Kilipanda pembeni, juu ya mfupa, kwa sababu pingili zote tatu nilizitoa upande mmoja. Kosa jingine. Akapitisha kidole kwenye ule mkwaruzo, akarudi, akaupitisha tena. Nilingoja nipigwe, au nikumbatiwe, nimalize moja.

"Mimi unaniambia kwa nini?" akasema mwishowe. "Mimi sikuitwa mwizi."

Akasimama. Nikadhani ananifukuza, kumbe ananishika bega. "Twende wote. Na mimi nina langu la kusema."

Kasi alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkoba wake. Baba hakungoja nianze. "Mjomba, nimekukosea," alimwambia. "Ile pochi..."

"Niliiona."

"Najua uliiona. Ndiyo maana niko hapa."

Nami nikasema yangu, yote, nikitazama vidole vyangu vya miguu. Kasi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, ningependa angepiga. "Siku nne, Bi Kimya," alisema. "Siku nne unanipitishia chumvi mezani." Akamwambia baba, "Tiketi nimeshakata, mjomba," akaingia chumbani na kufunga mlango. Baba alibaki amesimama mbele ya mlango ule, mkono umeinuliwa kubisha. Hakubisha.

Leo asubuhi Kasi alitoka saa moja na dakika chache, viatu mguuni, kamba zimefungwa. Baba alikuwa mezani. Kasi akautazama mkono wake.

"Hiyo imekaa upande."

"Alizitoa zote upande mmoja," baba akasema.

"Nani alimfundisha?"

"Mtandao."

Kasi akanyoosha mkono. Baba akaivua saa ya babu, akaiweka kwenye kiganja cha mwanao, akasimama na kwenda jikoni kumsaidia mama kuchemsha chai. Baba, Shangazi! Hajui hata majani ya chai yanakaa wapi. Tulimsikia akifungua makopo yote. Hakugeuka hata mara moja.

"Leta hiyo ndala yako," Kasi akaniambia bila kunitazama.

Tulihamisha pingili moja kutoka upande mrefu kwenda upande mfupi. Mimi nilishika, yeye akagonga. "Mshale uko wapi?" "Huku." Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote. Pini moja ilikataa kuingia, akaipaka mafuta ya nywele ya mama, ikakubali. Alifanya polepole sana, yule tunayemwita Kasi. Baba akarudi na chai nyeusi kama lami, akaivaa saa. Kifungio kikakaa chini, katikati, mahali pake.

Tukanywa. Mama alitazama dirishani, nami nilitazama mkoba. Nilijua dakika zinakwenda, wote tulijua, maana ile saa ilisikika.

Kasi akamaliza chai, akageuza kikombe, akauliza, "Saa ngapi, mjomba?"

Baba akageuza mkono wake. Safari hii hakukuta ngozi. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa.

"Mbili na dakika kumi."

"Basi limeshaondoka."

"Limeshaondoka."

Kasi akamsogezea mama kikombe aongezewe.

Kwa hiyo barua hii itakujia kwa posta. Sikudanganyi kwamba mambo yamekwisha. Bado haniiti Bi Kimya, haniiti chochote, na mkoba bado uko mlangoni. Lakini viatu amevua. Nakuomba neno moja: akikupigia simu usimkumbushe ile pasi. Zile pingili tatu nimeziweka kwenye kopo la vifungo. Baba amesema zitunzwe, mwili utarudi.

Baba na mama wanakusalimu. Nisalimie mjomba, dada wa kwanza na mumewe, na yule mdogo asiyependa kuoga, mwambie sijamsahau. Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, na goti lako alitie nguvu.

Ni mimi nikupendaye, niliyechelewa kusema,
Binti wa mdogo wako.