Dawa Iliyobaki Kwenye Chupa

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani kwako, hapa Kasubi. Godoro tumelianika, shuka nimezifua, lakini chumba bado kinanuka dawa. Wanafunzi wako wa madrasa sasa wanafundishwa na Kaka Hamisi. Anawaharakisha mno. Ungemkemea.

Kuna jambo sijamwambia mtu.

Unakumbuka ile asubuhi uliponishika mkono? Saratani ilikuwa imeshakula koo, sauti yako imebaki pumzi tu. Ukasema, "Zaituni, nipe yote." Nikajua ni chupa ya mofini, ile dawa ya maumivu. Wewe, uliyetufundisha kuwa roho si mali yetu! Nikakujibu, "Haramu, Baba," nikatoka nje kulia. Hukuniomba tena. Nilimsimulia Hamisi, naye akawasimulia watu msikitini. Sasa wananisifu, eti binti alisimama imara.

Lakini Baba, tangu siku ile niliiogopa ile chupa. Nesi alisema nijaze kibomba cha kupimia dawa kila baada ya saa nne. Mimi nikawa natia nusu. Nilidhani tone moja likizidi nitakuwa muuaji. Siku tisa, mpaka ukafariki. Ulikuwa unang'ata shuka, nami nakusomea Yasini, na dawa iko kabatini.

Tulipokwisha kukuzika, nesi alikuja kuchukua chupa. Akaiinua dirishani, akanitazama. "Imebaki nyingi," akasema polepole. "Kumtuliza mgonjwa si kumuua, dada."

Sasa sijui. Siku ya sita paka aliiba samaki wa Hamisi, ukacheka mpaka ukatoa machozi. Ningekupa yote, usingecheka vile. Halafu naikumbuka ile shuka... Uliomba kufa, au uliomba maumivu yakome tu? Sikukuuliza. Mbona sikukuuliza, Baba? Niliilinda roho yako, au nilijilinda mwenyewe?

Nesi ameniomba nimsaidie jirani yetu, Mama Nakato. Anaumwa kama wewe, na hana mtu. Naanza kesho. Kabla sijaenda nitamweleza Hamisi yote, aache kunisifu. Na Mama Nakato nitampimia kamili, kama ilivyoandikwa, hata nikiiogopa chupa. Naye akisema nimpe yote, sitakimbilia nje. Nitakaa nimuulize anataka nini.

Pumzika, Baba. Huko uliko huumii tena, natumaini.

Binti yako,
Zaituni