Nafundisha Bamama Kujikinga, Mais Mimi Mwenyewe Siwezi

Mama Mélanie, mushauri wetu mupendwa wa gazeti, naomba unisaidie na naomba usinicheke, juu niko na neno linaninyima usingizi na hapa kwetu Beu, mutaa wa Beni, sina mutu wa kuambia, baba yangu ni shemasi na kumuambia yeye ni kama kuambia kanisa yote. Jina yangu ni Hadassa, niko na miaka makumi mbili na sita, sijaolewa, nalima na mama yangu shamba yetu karibu ya Oicha, ao niseme tulikuwa tunalima, juu tangu vita hii ianze ile njia imekuwa ya batu benye bunduki, leo hawa, kesho bengine, na mwaka jana balitukamata mimi na mama tukitoka kuchimba mihogo, balibeba mihogo, balibeba kitenge ya mama mbele ya macho yangu, na mumoja akanishika mukono akaanza kunivuta mu majani, na kama haingekuwa camion ya mizigo iliyokuja wakati ile, singekuwa naandika barua hii. Siku ile nilisema ndani ya roho: hakuna mutu atanishika tena hivi.

Donc nikatafuta fasi ya kujifunza. Hapa Beni kulikuwa Maître Grady, mwalimu wa karate, alifika pamoja na basoldati kutoka mbali, hata kama anasema yeye haiko soldati, mutu murefu, kimono nyeupe pe, mukaba mweusi yenye mistari ya dhahabu, anapasua matofali mbele ya soko na batu banapiga mikono. Nilimuuliza karate inaomba muda gani. Akacheka.

"Kwingine ni miaka," akasema. "Kwangu, mutu mwenye roho makasi, roho ya nguvu, anamaliza mbio."

Mama, yale maneno yaliniingia vizuri sana, juu nilikuwa na haraka, nilitaka kurudia ku shamba. Alinipa mukaba wa manjano kabla nijue kusimama vizuri, akanipa wa kijani, akanipa wa kahawia, na kabla mwaka uishe alinifunga ule mweusi ku kiuno mbele ya batu bote, baba akasimama ku kanisa akashukuru Mungu, mama akalia, na mimi nikaamini kabisa, juu kila mutu niliyemurusha mu mazoezi alianguka, na kila mutu aliyenishika aliniachilia.

Kisha akaniambia, "Hadassa, bamama banaogopa kufundishwa na mwanaume. We ndiye utabafundisha." Nikaanza. Banakuja bengi, benye mashamba ku Oicha, bengine bwana zabo balikufa, bengine balikimbia. Wakati banamaliza mafundisho, Maître Grady anakuja kubaambia: "Sasa muko tayari. Mwende ku mashamba yenu, hapana kuogopa tena." Na banaenda! Ile ndiyo inaninyima usingizi, mama, banaenda kweli.

Juu hivi karibuni nilienda Butembo kusalimia Tantine Rébecca, ndugu ya mama yangu, na jirani yake Josée, mama mwenye kuuza makala, makaa ya kupikia, akaniambia yeye pia anafanya karate kwa Maître Sikuli, mu sale, ukumbi wa nyuma ya kanisa yao. Nikamufuata na mukaba yangu mu sakoshi, na sitakudanganya, nilitaka banione. Maître Sikuli ni muzee, mwalimu wa primaire, alinisalimia kwa kuinama, akaniweka mustari wa mbele kama inavyofaa mutu wa mukaba mweusi. Kisha akatuambia tusimame babili babili, akanipa Josée, mwenye mukaba wa manjano.

"Josée, umushike kama mwizi anashika. Hadassa, we utoke."

Josée akanishika mukono. Nikafanya kile ninachofundisha bamama, kuzungusha, kupiga hatua, kuvuta. Wapi! Nikavuta tena. Bidole byake bilikuwa kama chuma, na mu ule mukono nikasikia siku ya Oicha imerudi yote, majani na jua na ile harufu. Josée akaniuliza polepole, "Dada, nikuachilie?" Nikasema hapana, nikarusha teke, akanilalisha chini vile mutu anatua mufuko ya makala. Tukarudilia, ikawa vile vile. Nikalia pale pale, na mukaba mweusi ku kiuno.

Hakuna mutu alicheka. Maître Sikuli akakaa chini kando yangu.

"Mutoto yangu, kule unatoka, kuna siku mutu alikataa kukuachilia?"

Nikafikiri. Haikutokea, hata siku moja.

"Basi habakukufundisha kutoka," akasema. "Balikufundisha kuachiliwa."

Nikamuomba anifundishe yeye. Alikubali, mais nianze na mukaba mweupe, mustari wa nyuma, na grade, ngazi ya mukaba, itakuja siku atakayoona yeye. Sasa nimerudi Beni na bado nafundisha, mama. Kumuambia Maître Grady naogopa, anakula meza moja na komanda. Kumuambia baba, itamuuma. Jana jirani yetu Germaine alikuja na furaha akaniambia, "Juu yako Hadassa, juma hii nitaenda ku shamba yangu peke yangu." Nikacheka naye. Mama, nikacheka naye! Nimefikiri nivae mweusi hapa Beni na niende kujifunza kisirisiri Butembo, mpaka nitakuwa mweusi wa kweli, na hapo hakuna mutu ataumia na hakuna atapata haya. Ni vibaya? Nifanye nini?

Wako katika Bwana,
Hadassa

*

Hadassa, binti yangu,

Unasema hakuna mutu ataumia. Na Germaine? Anaenda ku shamba juma hii peke yake, na we unaniuliza habari ya rangi ya mukaba! Nilisoma barua yako nikakasirika, nikaisoma tena nikakuhurumia, kwa hiyo uvumilie yote mbili.

Pole kwa kile kilikupata njiani. Haikuwa kosa yako, na kutaka usishikwe tena ni kutaka kuzuri. Maître Grady aliona ule uchungu wako, akakufunga kitambaa juu yake. Yeye ndiye mwongo. Mais tangu siku Josée alikulalisha chini, we unajua, na kila mara unasimama mbele ya bale bamama na kunyamaza, unamusaidia kudanganya.

Jana, hapa hapa Butembo, nilienda mwenyewe kumuona Maître Sikuli, juu sipendi kutuma mutu kwa mutu nisiyemujua. Nilifika bila kuita, akanionyesha benchi, hakuniuliza nimekuja kutafuta nini. Niliona baba mumoja mwenye tumbo na heshima zake anaambiwa arudilie kusimama, kusimama tu, mpaka jasho linadondoka chini. Nilipopata nafasi nikamuuliza Maître, "Na mutu mwenye bunduki, unabafundisha nini juu yake?"

"Unamupa kitunga, unamupa kitenge, na kama kuna njia unapiga mbio," akasema. "Karate yangu haisimamishi risasi, mama. Mwenye kukuambia yake inasimamisha, huyo mumukimbie kwanza."

Nikamuuliza kama kuna batu balishindwa mtihani wake. Akaonyesha na kidole mu sale. "Ule. Na ule. Na mimi mwenyewe kwa mwalimu wangu, zaidi ya mara moja."

Ile ndiyo shule, Hadassa. Mutu anaingia kuangalia na hakuna anayemufukuza, mwenye kukushika anakushika kweli, na mwalimu haogopi kukuambia bado. Fasi ambapo kila mutu anashinda kila siku, uliza banashinda nani.

Sasa sikia. Ukimaliza kusoma hii, uende kwa Germaine. Hapana kutuma mutu, hapana kuzungusha maneno. Umupe mukono wako, umuombe akaze, aone kwa macho yake kama huwezi kutoka. Kisha uende kwa bengine, nyumba kwa nyumba. Batakutukana. Ubaache batukane, ubaki umesimama pale mpaka bamalize. Ubaambie mutu asiende ku Oicha peke yake, baende kwa kikundi, na siku njia inanuka hatari babaki nyumbani, hata kama magugu inakula mihogo.

Kwa Maître Grady, hapana kwenda kupiga kelele. Mutu anayekula na komanda hutamushinda kwa mudomo, na mimi sitaki kukuzika. Uende muchana, uende na baba yako, umurudishie mukaba yake, useme, "Mwalimu, mimi siwezi kufundisha tena, asante," na mutoke. Donc baba lazima ajue, na ajue kwa kinywa chako. Unamufanya kama mutoto. Ni mutu mukubwa, atameza.

Kisha upande camion uje Butembo, uvae mweupe. Ile neno lako la kisirisiri, ulitupe. Ni mustari wa nyuma, mbele ya batu, muda wote karate itaomba. Unaona haya ya kusimama nyuma ya Josée? Josée anabeba makala tangu asubuhi na jioni anakuja kuanguka na kusimama. Nyuma ya mutu kama ule hata mimi ningesimama, kama magoti yangu yangekubali.

Jibu hii nakutumia kwa mukono wa tantine yako, siichapi mu gazeti, juu ya usalama yako. Na usiniandikie kuniambia kwamba unafikiri. Fanya, kisha andika.

Mama Mélanie

*

Basomaji bangu, ilipita zaidi ya mwaka. Maître huyo ameondoka Beni pamoja na basoldati aliokuja nabo, na Hadassa ameniruhusu kuchapa yote. Majina nimeyageuza. Hii ndiyo barua yake ya pili.

Mama Mélanie, nimefanya.

Germaine alinishika mukono mu jikoni yake, nikashindwa kutoka. "Na kesho ningeenda," akasema. Kisha akanitukana mpaka majirani bakaja, nikasimama pale nikasikiliza yote. Leo banaenda ku Oicha kwa kikundi, na kama habari ya njia haiko nzuri banabaki, hata kama chungu kinakuwa chepesi. Bengine habanisalimii mpaka sasa.

Baba nilimuambia yote, tukaenda naye kurudisha mukaba; Maître Grady alitupa ule mukaba ku kona akasema niko mwoga. Baba alitaka kumujibu, nikamuvuta shati. Tulipofika nyumbani baba akavua kofia, akauliza, "Sasa Butembo utalala wapi?"

Nalala kwa Tantine Rébecca, namusaidia kuuza unga ku soko, jioni naenda ku sale. Mtihani wa kwanza wa manjano nilishindwa, nilisimama vibaya, na kata yangu, ile mapigo mutu anafanya peke yake kwa mufuatano, nikaisahau katikati. Maître Sikuli alisema neno moja tu: "Bado." Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, na ile hasira nikaipeleka mu miguu. Nilikuwa nasimama vile alitufundisha nikipepeta unga, nikingoja maji ku robinet, mpaka banunuzi bananiuliza kama mugongo unaniuma.

Mwezi uliopita aliniita tena. Aliniletea mwanaume munene, seremala, akamuambia anishike na asinihurumie. Hakunihurumia. Ilichukua muda, niligonga goti, mudomo ukatoka damu kidogo, mais nikatoka, mama. Nikatoka! Hakuna aliyeniachilia.

Sasa niko na mukaba wa manjano, tumeanza ya kijani. Maître anasema muguu yangu ya kushoto ni muvivu, na anasema kweli. Naacha hapa, juu saa ya mazoezi imefika na ule muguu unaningoja.

Hadassa