Pazia Nililiona

Yerusalemu, 3 Januari 1982

Mkamwana wangu Ofira,

Shalom, na salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo? Mama yako hajambo? Sisi tuko salama, ila goti langu, unalijua, baridi ikiingia linaamka kabla yangu. Anayeandika ni Bi Regina wa ghorofa ya pili, maana mimi na kalamu hatujuani. Ananiambia niseme polepole. Nimekwenda polepole miaka sabini na sita, Regina, wewe andika.

Nehemia mumeo mzima. Anapaka rangi ukuta wa dirishani, moshi ulifika mpaka dari. Anakula vizuri, supu ya kube, vile vidonge vya nyama, bakuli mbili. Alipotoka huko kwenu alikuwa amekonda, lakini mimi sisemi kitu.

Yule bwana wa zimamoto alirudi kutazama. Akasema, "Bibi, pazia la nailoni, mafuta, na mioto sita ya sikukuu ya Hanuka dirishani? Mlitaka kuteketeza mtaa?" Nikamwambia mkamwana wangu ni mtu wa siku hizi, anaweka taa popote. Akatikisa kichwa. Wanawake wa sinagogi nao wananipa pole kila Jumamosi, mmoja kaniletea keki, ngumu lakini keki.

Basi mwanangu, mwandikie mumeo neno moja la kumtaka radhi, arudi kwenu Beer-sheba, yaishe. Mimi nimeshasamehe.

Mama mkwe wako,
Gazala


Beer-sheba, 8 Januari 1982

Mama,

Shalom. Natumaini goti limetulia. Mama yangu anakusalimu.

Ile Ijumaa ya moto tulikuwa wawili tu nyumbani kwako. Nehemia alikuwa sinagogi. Taa uliiweka wewe, ukaiwasha wewe, ukazidisha mafuta ili idumu. Nilipokwambia, "Mama, niisogeze, pazia linacheza," ulinipiga kofi. Ukasema, "Sabato imeshaingia! Kwangu moto hauguswi!" Nikaenda zangu jikoni.

Radhi siombi. Mkono ulioungua bado umefungwa bandeji, na kiwandani cherehani yangu wamempa mtu mwingine. Nehemia nikipiga simu hashiki. Mwambie ilivyokuwa, Mama. Sina lingine.

Mkamwana wako,
Ofira


Yerusalemu, 2 Februari 1982

Ofira mwanangu,

Shalom. U hali gani? Mkono je? Mimi nalala vizuri. Futa hapo, Regina. Silali. Karibu mwezi mzima sijakujibu, na Nehemia akiuliza nasema Regina anaumwa. Regina mzima kabisa, huyu hapa ananikodolea macho.

Juzi mezani Nehemia kaweka kijiko chini. Kasema, "Mama, nimezungumza na rabi habari za talaka. Mke anayechoma nyumba ya mama yangu halafu anamsingizia, simtaki." Nikamjibu, kula, supu inapoa. Supu! Mwanangu anavunja nyumba yake, mimi nasema supu.

Jana nikajikokota mwenyewe mpaka kwa rabi, ngazi zile unazijua, nikajifanya naulizia jirani. Taa ikiwa karibu na pazia na Sabato imeingia, mtu afanyeje? Akacheka. "Pazia si taa, Bibi. Livute pembeni. Na likishika moto watu wakawa hatarini, zimeni hapohapo, msije kuniuliza kwanza."

Livute pembeni. Mtoto mdogo angejua. Na mimi nilijua, Ofira. Pazia nililiona. Ulipokwenda jikoni nililiona linausogelea ule mwali wa mwisho, linarudi, linausogelea tena. Ningelivuta, ungekuwa umesema kweli wewe. Nikakaa, mikono mapajani, nikaimba nyimbo za Sabato. Mpaka likashika moto, ukaja mbio ukalirarua kwa mikono yako, nailoni iliyoyeyuka inakudondokea. Na Nehemia alipoingia mlangoni, mdomo wangu ukasema, "Ofira ndiye kaiweka pale." Ulikuwa unatia mkono majini, ukanitazama.

Regina kaweka kalamu. Anasema, "Gazala, mimi nimewaambia watu wote ni mkamwana wako!" Andika, Regina. Na hilo liandike.

Sasa nimemwita Nehemia kutoka barazani, Regina kamsomea yote haya, mimi nimejifunika mtandio usoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Ameuliza tu, "Mama, uliniacha niende kwa rabi?" Sasa anafunga kamba za viatu. Barua anasema ataibeba mwenyewe, anawahi basi.

Mama mkwe wako,
Gazala


Beer-sheba, 9 Februari 1982

Mama,

Shalom. Sisi wazima.

Nehemia alifika. Alisimama nje ya mlango mpaka nilipomaliza kusoma, ndipo nikamwambia aingie. Tunaongea kidogo kidogo, kama wageni. Habari ya talaka imekufa.

Lakini wanawake wa sinagogi bado wanakupa pole kwa ajili yangu. Pasaka siwezi kuja kukaa katikati yao.

Mkamwana wako,
Ofira


Yerusalemu, 14 Februari 1982

Mwanangu Ofira,

Shalom kwako na kwa Nehemia. Goti tuliache leo.

Jana sala ilipokwisha niliwazuia wanawake wote mlangoni. Bi Regina alitaka anisemee yeye, maana ana maneno laini, nikamwambia kaa. Nikasema: taa ilikuwa yangu, mimi ndiye niliyeiweka. Pazia nililiona nikanyamaza. Mkamwana ndiye aliyeniokoa, akaungua, nami nikamsingizia kwa mumewe na kwenu nyote.

Wengine wakaanza kutafuta makoti. Yule wa keki akaangalia dari. Basi mzee Zarifa, ambaye hasikii vizuri na husema kwa kupiga kelele, akauliza, "Maskini! Aliungua mkono gani?"

Nikafungua mdomo. Siku mbili ulikaa kwangu na bandeji, nikakupakulia, nikakupitishia mkate mezani. Wote wananitazama, na mimi sijui.

Mwanangu, ulikuwa mkono gani?

Mama yako,
Gazala