Pazia la Mlango Wetu

Geita, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Wema,

Hujambo? Mayu na Baba hawajambo? Mimi mzima, ila mikono inawasha kwa sabuni. Barua nimempa Athanas wa basi, maana nikipiga simu Baba anaweka sauti juu wote wasikie na mimi naishiwa maneno.

Kazi ya gesti nimeizoea. Kutwa natandika vitanda vya wageni. Mimi na Mariana tumepanga godoro moja: yeye anapika usiku kantini ya mgodini, analala mchana, mimi nalala usiku. Kila nikifika nalikuta lina joto lake. Vyumba vinachukuliwa na watu wa mgodi, sisi hatuvifikii. Usimwambie Mayu.

Nikipata chumba nakuita. Gesti wanataka msichana mwingine.

Dada yako,
Asteria

Kagongwa, 25 Februari

Dada Asteria,

Shikamoo. Sisi wazima, kasoro mguu wa Mayu. Nimecheka. Ulikuwa unanifukuza kitandani kwa mateke yangu, leo unalalia joto la Mariana.

Mzee Ndaki amekuja tena kuniposa kwa ajili ya mwanawe Masalu. Baba anasema shule imeisha, miaka kumi na minane nimetimiza, nangoja nini? Nikasema nakungoja wewe. Amenipa mpaka mavuno ya mpunga.

Nafuma pazia la mlango wetu. Nipe upana.

Mdogo wako,
Wema

Geita, 7 Aprili

Wema,

Mguu wa Mayu vipi? Nimepata chumba kwa Mama Gregory. Nimetanguliza kodi, nahamia mwisho wa mwezi ujao. Dirisha linatazama mlima uliochimbwa. Mlango nimeupima kwa kanga: nusu yake na viganja viwili. Mwambie Baba una pa kulala.

Dada yako,
Asteria

Geita, 12 Mei

Wema,

Hamjambo? Sijui nianzeje. Kampuni moja ya kuchoronga miamba imepanga nyumba nzima ya Mama Gregory, mwaka mzima. Amenirudishia hela yangu. "Mwanangu, hata wewe ungekubali," akasema. Nimemwomba msimamizi wa gesti ulale stoo. Kasema stoo ni ya mashuka.

Mwombe Baba mwezi mmoja tu.

Dada yako,
Asteria

Geita, 9 Juni

Wema,

U mzima? Athanas anasema alikupa barua mkononi. Naulizia vyumba mpaka Katoro. Nijibu hata mstari mmoja.

Dada yako

Nyahanga, 30 Juni

Dada Asteria,

Shikamoo. Mimi mzima, na Mayu anatembea.

Barua yako ilifika siku ng'ombe wa Mzee Ndaki wanaingia zizini kwetu. Nilikwenda kumwomba Baba huo mwezi, nikamkuta anawahesabu. Nikarudi jikoni.

Masalu si mtu mbaya. Hasemi sana, kama wewe. Tuna chumba na sebule. Pazia nimelitundika. Lilipimwa kwa mlango wa Geita, huu ni mwembamba, basi linakunjamana pembeni. Sijalikata.

Masalu akisafiri na mpunga, nalala upande wa ukutani kama zamani, ule wako nauacha wazi. Siku hizi sipigi mateke. Ukichoka huko, njoo. Kwangu kuna pa kulala.

Mdogo wako,
Wema