Vikombe Tulivyobeba Kuja Kwako

Dada yangu Wairimu,

Sijui barua ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi. Hii naiandika wazi, asome anayetaka, kwa sababu uongo wenyewe niliusema mbele ya watu wote. Majuzi kanisa letu hapa Mweiga lilifanya sherehe ya kukumbuka vile akina mama walianza kutembelea wagonjwa majumbani. Nikapewa kipaza sauti nieleze kazi hiyo ilianzaje. Nikasema ilianza nyumbani kwako, kwa upendo. Nilipigiwa makofi, dada. Nikarudi kuketi na sikuweza kumtazama mtu machoni.

Wewe unajua ilivyokuwa. Ulirudi kutoka Nanyuki miaka ile ya tisini, baada ya kumzika mume wako. Pikapu ilileta kitanda, cherehani yako na masanduku mawili, nami nikazunguka nyuma kukutafuta. Nilikuwa nimekupita pale mbele kando ya dereva, umejifunika blanketi, na sikukutambua. Ukacheka, ukaniambia, "Njeri, si ni mimi." Tukakuingiza kwenye nyumba ya mbao ya marehemu mama, na kabla ya jioni ulikuwa umeshaanza kuulizia kama ng'ombe anakamuliwa.

Ugonjwa wako ulikuwa ukimwi. Hakuna aliyeutaja. Tulisema ni kifua, tulisema ni baridi ya milima ya Nyandarua imekushika kwa kuwa ulizoea Nanyuki, kana kwamba Nanyuki kuna joto! Hata mimi, mdogo wako wa tumbo moja, niliulizwa sokoni nikasema ni kifua.

Ndio mwaka huo mchungaji wetu alisimama akasema amechoka na kanisa la kufungwa kufuli Jumapili mchana. Akataka tutoke, twende kwa watu. Akina mama tukakubali kwamba kila Alhamisi tutaenda nyumba moja, kila mmoja na kiondo chake, viazi, maharagwe ya njahi, unga, sukari, chochote shamba limetoa. Mimi ndiye nilikuwa mwandishi wa kamati, kazi yangu kuandika majina ya wagonjwa. Jina lako sikuliandika. Mchungaji alichukua karatasi, akasoma hadi chini, akakuandika yeye mwenyewe, juu kabisa.

Jumatano tukakutana jikoni mwa kanisa kupanga. Hawakuwa watu wabaya, na wengi wao ulisoma nao. Lakini unajua desturi yetu. Huwezi kuingia boma la mtu, uombe, kisha uondoke bila kunywa chai yake. Ni kama umemwambia nyumba yake haifai. Mmoja akauliza, polepole, na chai itakuwaje. Wote wakanitazama mimi.

Nami nilijua ukweli. Nesi wa dispensari alikuwa ameshakuja kanisani kutufundisha kwamba ugonjwa ule hauambukizwi kwa kikombe, na ni mimi niliyeandika aliyosema. Kwa hivyo nisijitetee kwa ujinga. Sikuogopa kikombe chako, dada. Niliwaogopa wale akina mama, wasianze kunihesabu pamoja nawe. Basi nikasema tutabeba thamosi za kanisa na vile vikombe vya plastiki, na tukifika tuseme hatutaki kumsumbua mgonjwa. Walishusha pumzi. Mmoja akanisifu, ati nina hekima.

Alhamisi tukakukuta umevaa ile nguo yako ya bluu, umejipaka mafuta, umefunga kitambaa kichwani. Ulikuwa umetandika vitambaa vya mama kwenye viti vyote. Mezani ulikuwa umepanga vikombe vya udongo vya maua, vile mama alikuwa akifungia kabatini tusiviguse, na kila kimoja umekigeuza kichwa chini juu ya kisahani. Sijui ulianza kujiandaa saa ngapi, wewe ambaye kutoka kitandani hadi mlangoni ulikuwa unapumzika mara mbili.

Tukaimba, tukaomba. Ukasema, "Chai iko tayari. Nimepika na maziwa ya leo." Ukaanza kuinuka kwa kushikilia meza.

Nikakuambia, "Pumzika, dada. Tumekuja na yetu, tusikusumbue."

Ukaniangalia mimi peke yangu. Hukuwaangalia wengine hata kidogo. Kisha ukaangalia vikombe vya plastiki vikitolewa kwenye kiondo, vyekundu na vya kijani, na nikaona umeelewa yote, hadi mambo ya jikoni siku iliyotangulia. Ukasema sawa. Ukageuza kikombe kimoja cha mama, ukajimiminia chai yako, ukainywa pale katikati yetu, ukiuliza kila mama watoto wake wanaendeleaje. Uliwakumbuka kwa majina. Walikujibu kwa heshima, wakinywa chai ya thamosi ambayo ilikuwa imeshapoa. Tulipotoka, sikubaki hata kukusaidia kuondoa vyombo.

Njiani wakaniambia nimewaokoa. Na aibu yangu kubwa ni hii, sijawahi kumwambia mtu: nilifurahi. Nilipanda kile kilima nikiwa mwepesi, nikicheka nao.

Wewe uliponishika mkono siku nina surua, nikiwa darasa la pili, mama alikuwa amekukataza usiingie chumbani. Uliingia. Ulimalizia uji niliouacha, kwa sababu nililia kwamba ukimwagwa mama atajua sili. Ukaugua baada yangu, ukachapwa juu yake. Hukuwahi kunikumbusha hilo, wala siku ile ya vikombe hukunikumbusha. Ungenitukana ingekuwa afadhali.

Nilirudi peke yangu baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimeamua kwamba nitakunywa chai yako, vikombe viwili, vitatu, mpaka unizuie. Nikakaa. Tukaongea habari za viazi, za mvua, za ng'ombe aliyekaribia kuzaa. Nikangoja. Mwisho nikaweka haya kando, nikakuomba chai kwa mdomo wangu. Ukajibu kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza saa ya kukamua:

"Siku hizi sipiki ya wageni, Njeri."

Nikasema sawa. Nikanyanyuka, nikafunga mlango vizuri baridi isikuingilie. Ulikufa kabla viazi havijachimbwa.

Kanisa halikuacha kutembea. Tumeenda nyumba nyingi tangu hapo, na nisiseme uongo mwingine, watu wamesaidika. Wamelishwa, wameogeshwa, watoto wao wamepata nguo za shule. Lakini kila tulikoenda tulibeba thamosi zetu na vikombe vyetu. Makanisa mengine huku na upande wa Nyeri mjini yakaiga. Wasichana walioolewa juzi wanaosha vile vikombe kila Jumatano wakiamini ndio upendo wenyewe, kwamba mgonjwa asisumbuliwe. Hakuna aliyewaambia vilianza kwa nini. Siku ya sherehe viliwekwa mezani mbele, vikafunikwa kitambaa cheupe, nami nikasimama kando yake nikavisifu.

Sikuombi unisamehe. Nakujua, ungenisamehe haraka, halafu ungeniuliza kama nimekula. Sitaki iwe rahisi hivyo.

Barua hii, hadi hapo juu, nimeshampelekea mchungaji wa sasa. Aliisoma amesimama mlangoni, akaniuliza kama nina hakika, maana wengi wa akina mama wale bado wako hai na watoto wao ndio wazee wa kanisa. Nikamwambia majina yao sikuyaandika, nimeandika langu. Ataisoma Jumapili baada ya matangazo. Mimi nitakaa kiti cha mbele, na akimaliza nitasimama, wanione ni nani.

Ni mimi mdogo wako,
Njeri